Mahali pa Injini katika Baiskeli

Wasikilizaji na wasomaji wetu, maongezi yetu ya leo ni juu ya swali moja ambalo kwa sikio la kwanza laonekana dogo: mtu akiwa na baiskeli, naye akapata injini ndogo, aifunge mahali gani? Wengi watajibu upesi kwamba aifunge popote penye nafasi. Ndivyo walivyodhani hata mafundi hodari wa Ulaya hapo zamani, nao walijifunza kwa kuanguka, kwa kuungua na kwa hasara. Tangu mwaka 1885 hata mwaka 1901, yaani miaka kumi na sita, walihamisha injini huku na huku kabla ya kupata mahali palipo bora. Jibu walilolipata laonekana leo karibu katika kila pikipiki ipitayo barabarani, walakini wapandao ni wachache wanaojua kwa nini injini imewekwa pale ilipo.

Twawaeleza habari hii hasa ninyi watu wa Songwe, kwa sababu nchi yenu ni mtihani mkali kwa chombo cha magurudumu mawili. Mkoa wenu ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, nao una ardhi za namna nyingi. Mbozi kuna mashamba ya kahawa na njia za udongo ziwazo utelezi wakati wa masika. Ileje kuna milima yenye miteremko mirefu. Momba kuna nchi ya chini yenye joto, ielekeayo Ziwa Rukwa. Na Tunduma, penye mpaka wa Zambia, kuna malori yaliyojipanga na watu wanaopenya katikati yake. Mahali hapo pote pikipiki imekuwa punda wa watu: huchukua abiria, gunia, mgonjwa na mwanafunzi. Basi kujua mahali pa uzito katika chombo hicho si elimu ya mafundi peke yao.

Kwanza na tulifahamu jambo lenyewe. Mtu aliyeketi chini ndani ya mtumbwi hupita salama. Akisimama, mtumbwi huyumba. Akijitupa upande mmoja, hupinduka. Uzito wa mtu ni ule ule, ila mahali pake pamebadilika. Baiskeli ni hivyo hivyo. Mpandaji huishika isianguke kwa kugeuza usukani kidogo kidogo kila dakika, hata bila kujifahamu. Ukiweka kitu kizito juu ya usukani, mkono haugeuzi tena gurudumu peke yake, wagurudisha na ule mzigo pia. Ukiweka kitu kizito juu sana, chombo kikianza kulala katika matope, ni vigumu kukiinua. Na injini si uzito mtupu: ina moto, ina mtikisiko, na nguvu zake hazina budi kufikishwa kwenye gurudumu kwa ukanda au mnyororo. Mambo hayo manne, uzito, moto, mtikisiko na njia ya nguvu, ndiyo yaliyowasumbua watu wa kwanza.

Mwaka 1885, huko Cannstatt katika nchi ya Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha kupanda chenye injini ya petroli. Kiunzi chake kilikuwa cha mti, magurudumu yake ya mti yenye pete za chuma, na pembeni kilikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya kukizuia kisianguke. Injini yake, yenye nguvu ya nusu ya farasi mmoja, ilisimama katikati, chini ya kiti. Kwa habari ya uzito walikuwa wamepata karibu sawa. Kwa habari ya moto hawakufikiri vya kutosha, kwa maana siku zile petroli iliwashwa kwa kijibomba kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu. Yasimuliwa kwamba mwana wa Daimler alipokipanda kwenda mji wa jirani, kiti kilishika moto chini yake.

Mwaka 1894 Wajerumani wengine, ndugu wawili Hildebrand pamoja na Wolfmüller, walianza kuuza chombo chao huko Munich. Hao waliilaza injini chini kabisa, na vyuma vyake vikasukuma gurudumu la nyuma moja kwa moja, kama vile garimoshi la zamani lilivyosukuma magurudumu yake. Uzito ulikuwa chini, lakini njia ya nguvu haikuwa njema: hapakuwa na kitu cha kuitenga injini na gurudumu, hata ikawa injini haiwezi kuzunguka wakati chombo kimesimama. Mwenye kukipanda alikisukuma kwanza kwa miguu, akikimbia kando yake mpaka kikawaka. Fikirini mtu wa namna hiyo akisimama kila mara katikati ya malori ya Tunduma!

Kisha tunawafikia ndugu Werner, Michel na Eugène, watu waliotoka Urusi wakakaa Paris. Mwaka 1897 waliweka injini ndogo mbele ya usukani, juu ya gurudumu la mbele, na ukanda ukashuka kuligeuza gurudumu hilo. Sababu zao hazikuwa za kipumbavu. Baiskeli ya kawaida haikuhitaji kukatwa popote, na ukanda ulikuwa mfupi. Watu wengi walikinunua chombo hicho. Lakini barabara ilipolowa, uzito ule wa juu na wa mbele ulilivuta gurudumu likateleza upande, mpandaji akaanguka; na kilipoanguka, petroli iliyomwagika ilikutana na kile kijibomba chekundu. Kosa moja la mahali lilizaa ajali mbili, kuanguka na kuungua.

Sifa ya ndugu hao ni kwamba hawakuing'ang'ania kazi yao kwa kuwa ilikuwa yao. Mwaka 1901 walitoa chombo kipya. Waliikata baiskeli pale chini penye kanyagio, wakaisimamisha injini hapo, ikawa kama sehemu ya kiunzi, baina ya magurudumu mawili, chini ya magoti ya mpandaji. Nguvu zikapelekwa gurudumu la nyuma. Usukani ukawa mwepesi tena, na moto ukawa mbali na kiti. Watengenezaji wengine walipoliona jambo hilo wakalifuata, na tangu wakati huo pikipiki haikuwa tena baiskeli iliyobebeshwa mzigo, ilikuwa chombo cha namna yake.

Huko Uingereza, kampuni ya Phelon & Moore iliendelea hatua nyingine. Waliilaza injini kwa mshazari mbele ya mpandaji, na injini yenyewe ikashika nafasi ya bomba la mbele la kiunzi. Pikipiki zao zilijulikana kwa jina la Panther. Twazitaja kwa sababu mojawapo ilipita katika nchi zetu. Mwishoni mwa mwaka 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London na Panther yenye behewa la pembeni na tela nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, wakafika Afrika ya Mashariki, wakashuka kusini kupitia Tanganyika, na mwaka 1935 wakaingia Cape Town. Mzigo wao ulikuwa mkubwa, lakini uliwekwa katika vyombo vyenye magurudumu yake wenyewe, haukurundikwa juu ya gurudumu la nyuma.

Vita Kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, watu wa nchi zilizoharibiwa walihitaji usafiri wa bei rahisi, na swali letu likarudi upya. Italia, kampuni ya Ducati ya Bologna, ambayo zamani ilitengeneza vyombo vya redio, iliunda injini iliyoitwa Cucciolo, maana yake mtoto wa mbwa, ikafungwa chini penye kanyagio za baiskeli. Japani, mwaka 1946, Soichiro Honda alizikuta katika mji wa Hamamatsu injini ndogo zilizoachwa na jeshi. Zilikuwa za kuendeshea mitambo ya simu za upepo. Katika jaribio lake la kwanza aliweka injini mbele ya usukani, nayo ikaligeuza gurudumu la mbele kwa gurudumu dogo lililosugua mpira. Mpira ukaliwa upesi. Honda akaihamishia injini katikati ya kiunzi, na ukanda ukaenda gurudumu la nyuma. Hivyo njia ile ile waliyoipita ndugu Werner kwa miaka minne, yeye naye aliipita, ila kwa muda mfupi zaidi. Mwaka 1958 kampuni yake ilitoa Super Cub, ambayo injini yake imelala chini karibu na miguu. Hata kufika mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Je, injini ya mbele ni mbaya siku zote? Hapana. Wafaransa walianza kuuza VéloSoleX mwaka 1946, injini ikiwa juu ya gurudumu la mbele, nayo ilipendwa kwa miaka zaidi ya arobaini. Lakini injini ile ilikuwa nyepesi na dhaifu, mwendo wake mdogo, na barabara zake zilikuwa nzuri. Mvua ilipolowesha mpira, gurudumu la kusugua liliteleza. Chombo kilichowafaa watu wa tambarare za Ufaransa kingemchosha mtu apandaye milima ya Ileje. Basi kanuni ni hii: mahali pa injini hufuata uzito wake, nguvu zake na njia itakayopitwa.

Siku hizi zauzwa injini ndogo za kufunga katika baiskeli, nyingi zatoka China. Kijana atakaye kuifunga na aiweke ndani ya pembe tatu za fremu, chini kadiri iwezekanavyo. Vikamatio vishike bomba sawasawa, maana mtikisiko hulegeza nati na kukata bolti. Mnyororo unyoke kabisa kutoka injini hata gurudumu, usiende mshazari. Bomba la moshi liwe mbali na mguu, na tangi lisivuje juu ya injini. Tena breki ziwe mbili, na zote zishike. Baiskeli iliyoundwa kwa nguvu za miguu haikuundwa kwa mwendo wa petroli.

Na wenye pikipiki za dukani wasidhani kwamba neno hili haliwahusu. Jina bodaboda lenyewe lilitoka mpakani, huko Busia, baina ya Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 watu walichukua abiria kwa baiskeli za miguu. Leo kazi hiyo imejaa katika mpaka wa Tunduma, nayo yafanywa kwa pikipiki ambazo injini zake zimewekwa chini na katikati kwa hekima ya zaidi ya miaka mia. Lakini dereva akipakia abiria wawili au watatu, ule uitwao mshikaki, au gunia mbili juu ya karia, huuondoa uzito katikati na kuupeleka juu na nyuma. Gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani hautii, na kwenye mlima chombo chataka kuinuka. Kwa mikono yake mwenyewe amekirudisha chombo kwenye hatari ambayo mafundi walikitoa mwaka 1901.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujapanda, tazama chini uone injini ilipo, kisha tazama nyuma uone mzigo ulipo. Kama mzigo umeipita injini kwa uzito na kwa kimo, ushushe, au uugawe katika safari mbili. Safari ya pili ina gharama ya petroli kidogo tu, na kila mtu wa nyumbani kwako angeilipa kwa furaha.