Tuisheni ya Barazani: Kiingereza cha Shule na Wakazi wa Mbagala

Apitaye jioni katika vichochoro vya Mbagala Kizuiani au Charambe huweza kusikia watoto wakisoma Kiingereza kwa sauti moja, ubao ukiwa umeegemezwa ukutani mwa nyumba ya mtu. Hiyo ndiyo tuisheni. Mara nyingi husemwa kuwa ni biashara ya walimu wenye njaa. Mimi naiona kuwa zao la historia ya sera yetu ya lugha, na katika mhadhara huu nitaitazama hivyo.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, nazo sekondari zikabaki na Kiingereza. Tangu hapo mtoto aingiapo kidato cha kwanza huvuka mpaka wa lugha kwa siku moja. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walieleza kuwa Kiingereza hakikuwa tena chombo cha kufaa cha kufundishia katika sekondari zetu. Hata hivyo, ajabu ni kwamba walishauri kibaki! Uingereza ikagharimia mradi wa kukiimarisha, na vitabu vya hadithi nyepesi vikaletwa madarasani. Baadaye, chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata ziliongezeka kwa kasi, na watoto wengi zaidi wakaufikia mpaka ule ule.

Tuangalie basi kinachofanyika barazani. Mwanafunzi huleta zoezi la ufahamu alilopewa shuleni. Mbinu yake ni moja: hushika neno gumu lililomo katika swali, hulitafuta katika habari, kisha hunakili sentensi nzima ilimo. Wakati mwingine hupata alama, na hilo ndilo baya zaidi. Mwalimu wa tuisheni, pengine kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayesubiri chuo, hulifunika daftari na kuisimulia habari ile kwa Kiswahili. Kisha huuliza swali lile lile kwa Kiswahili, naye mtoto hujibu bila kusita. Kazi inayobaki ni kulivusha jibu.

Kulivusha si jambo jepesi. Chukua kitabu cha Richard Mabala, *Hawa the Bus Driver*. Mtoto wa Rangi Tatu aliyekulia kwenye daladala hahitaji kuelezwa basi ni nini, na ajua kabisa kuwa Hawa ni mwanamke. Lakini katika insha yake Hawa hugeuka mwanamume ifikapo sentensi ya pili, kwa sababu kiambishi *a-* cha «anaendesha» ni cha mama na cha baba sawia. Kizaramo na Kimakonde navyo, lugha za wazee wengi wa Mbagala, havibagui jinsia katika kitenzi. Kalamu nyekundu ya shuleni huliita kosa hilo uzembe. Barazani hufafanuliwa kwa kulinganisha sarufi mbili, ingawa hakuna aliyemfundisha kijana yule isimu linganishi.

Kwa hiyo pendekezo la mwaka 1982 limekuwa likitekelezwa kila jioni, pasipo waraka wowote, kwa fedha ya mama auzaye vitumbua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote, lakini mitihani ya masomo mengi ya kidato cha nne bado huandikwa kwa Kiingereza. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato hicho ilifutwa kuanzia mwaka 2016. Ya barazani haikufutwa. Mtoto asiye nayo hufika shuleni mapema, akaazima daftari la mwenzake na kunakili majibu kabla kengele ya mstarini haijagongwa.