NANI MWENYE HAKI YA KUPIMA UHALALI WA WAJUMBE WA TAIFA?



Tarehe 25 Januari 1971, Jenerali Idi Amin, ambaye asili ya ukoo wake ni Koboko, aliipindua serikali ya Dk. Milton Obote. Wakati huo Obote alikuwa Singapore, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, akiilaumu Uingereza kwa nia yake ya kuwauzia silaha makaburu wa Afrika Kusini. Tarehe 5 Februari Uingereza iliitambua serikali mpya. Je, iliwauliza kwanza wananchi wa Uganda? La. Ilitazama maslahi yake.

Tanzania, kwa upande wake, ilikataa kumtambua Amin. Baraza la Mawaziri la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lilipokutana Addis Ababa mwezi huohuo, walifika wajumbe wa Obote na wa Amin, kila upande ukidai kiti cha Uganda. Kikao kikaahirishwa. Marais wa nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuketi tena pamoja kuiongoza, na mwaka 1977 Jumuiya hiyo ikavunjika.

Mwaka 1976 Uingereza, iliyoharakisha kumtambua Amin, ilivunja uhusiano na serikali yake. Basi ni dhahiri kwamba uhalali unaotolewa na mgeni hauna mizizi. Amin alipoangushwa mwaka 1979 alikimbilia ng'ambo. Lakini mwaka 1980 na 1981 ni raia wa Arua na Koboko, wengi wao wasiowahi kushika bunduki, waliovuka mipaka kwenda Zaire na Sudan.

Hatusemi kwamba jirani anyamaze nyumba ya mwenziwe inapoungua. Tunasema kwamba hukumu itokane na sheria iliyokubaliwa na wote kabla ya kosa. Askari anaijua tofauti kati ya kuhukumiwa kwa kanuni za jeshi na kuhukumiwa kwa ghadhabu ya mkubwa wake. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2000 unazizuia kushiriki shughuli zake serikali zote zinazotwaa madaraka kinyume cha katiba.

Na kwa mujibu wa Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, madaraka yote ni ya wananchi. Hao ndio hakimu wa kwanza, na ndio ambao askari ameapa kuwalinda.