Daftari la Mji: Nani Alihesabiwa Pemba, 1891–2021

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwaonya wafanyabiashara, lakini inawafaa pia wanaotawala miji. Kila serikali hutaja vipaumbele vyake katika hotuba. Anayetaka kujua vile vya kweli hana budi kufungua daftari na kuona kinachohesabiwa. Insha hii inalifuatilia jambo hilo katika mji wa Pemba na pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado.

Mwaka 1891 Ureno iliipa Kampuni ya Nyasa mamlaka ya kutawala nchi iliyo kati ya mto Ruvuma na mto Lurio, kutoka pwani hadi Ziwa Nyasa. Makao yake ya kwanza yalikuwa kisiwani Ibo, mji mkongwe wa biashara. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalihamishiwa Porto Amélia, mji ambao baada ya uhuru wa 1975 uliitwa Pemba. Maji ya Ibo ni ya kina kifupi, ilhali ghuba ya Pemba ina kina cha kupokea meli kubwa. Kipimo kilikuwa meli, na kwa kipimo hicho Ibo ilishindwa, ikaanza kufifia.

Je, Kampuni ilihesabu nini tena? Ilihesabu nyumba ili itoze kodi, na ilihesabu wanaume ili iwapeleke kazini, wakiwemo waliopelekwa kwenye migodi ya Afrika Kusini. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini, kwa kuwa wengi walikuwa wakifa kwa nimonia. Pato hilo lilipokatika, Kampuni ilizidi kuitegemea kodi. Wananchi nao walijibu kwa miguu: wengi walivuka Ruvuma kwenda upande wa Tanganyika. Kampuni ilipoondolewa mwaka 1929, haikuacha shule wala hospitali za kujivunia. Hatuwezi kusema kwamba haikujua kuhesabu. Ilihesabu sana, ila wananchi waliingia daftarini kama watu wa kudaiwa tu.

Baada ya uhuru, mambo mengi ya miji yaliamuliwa na serikali kuu. Mabadiliko yalikuja na Sheria namba 2 ya 1997, na tarehe 30 Juni 1998 miji 33 ilifanya uchaguzi wa kwanza wa manispaa. Katika Cabo Delgado ilikuwa mitatu: Pemba, Montepuez na Mocímboa da Praia. Tangu hapo meya na halmashauri yake huandaa mpango na bajeti, na baraza lililochaguliwa huvijadili na kuvipitisha. Fedha hutoka kwenye kodi ya kila mkazi mtu mzima, ushuru wa masoko, kodi ya majengo na ruzuku ya serikali kuu. Mama anayelipa ushuru sokoni bado ni mtu wa kudaiwa, lakini sasa ana diwani wa kumuuliza fedha zimekwenda wapi. Hilo Kampuni haikulijua kamwe.

Hata hivyo, daftari la kidemokrasia nalo lina mapengo. Katika kugawa ruzuku, idadi ya wakazi ni kigezo kimojawapo, na idadi hiyo hutokana na sensa. Sensa ya mwisho ilifanyika Agosti 2017. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo, Mocímboa da Praia ilishambuliwa na vita vikaanza. Agosti 2020 mji huo ulitekwa, na haukukombolewa hadi Agosti 2021. Wakati huo maelfu ya watu walikuwa wakishuka mashuani katika ufuo wa Paquitequete, Pemba, na wengi wao walipokelewa na ndugu na jamaa. Mvuvi aliyehesabiwa Mocímboa mwaka 2017 alibaki mkazi wa Mocímboa kwenye sensa. Lakini maji alichota Pemba, choo alitumia Pemba, na watoto wake walitafuta nafasi ya shule Pemba. Nyumba iliyoandikwa watu sita ililaza watu ishirini.

Baadhi yetu darasani husema kwamba takwimu zaidi zitamaliza tatizo. Historia ya Kampuni ya Nyasa inatufundisha tusiharakishe kuamini hivyo. Kuna maswali mawili ya kuuliza mbele ya kila mpango wa mji: nani ameandikwa, na ameandikwa kwa ajili gani? Kampuni ilishindwa swali la pili. Manispaa ya leo inaelekea kushindwa la kwanza, na wanaolipia kosa hilo ni jamaa wa Paquitequete, waliogawana chakula na wageni ambao daftari halikuwaona.