Bakshishi Katika Mabehewa ya Kulala ya Marekani

Bakshishi ni kitu kidogo apewacho mtumishi juu ya ujira wake. Lakini ikiwa ujira wenyewe haumtoshi kula, kitu hicho hakiwi tena zawadi, bali ni mshahara utolewao na mtu asiyekuwa tajiri wake. Historia ya reli za Marekani yalidhihirisha jambo hili.

Mwaka 1867 George Pullman alianzisha kampuni ya mabehewa ya kulala. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka miwili tu nyuma, naye akawaajiri watu weusi, wengi wao waliotoka utumwani, wawahudumie abiria. Walitandika vitanda, walipokea mizigo, na usiku walipiga viatu rangi. Abiria wengi waliwaita wote "George", kwa jina la tajiri yao, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Mwaka 1915 Robert Lincoln, mwana wa Rais Abraham Lincoln na mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, alihojiwa na tume ya serikali juu ya mishahara yao. Wakati huo wengi walipata dola 27.50 kwa mwezi. Kilichopungua walikitazamia mikononi mwa abiria. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nao waliinama, wakayapokea matusi kwa tabasamu, kwani aliyenuna alilala njaa.

Tarehe 25 Agosti, 1925, mjini New York, A. Philip Randolph na wenzake waliunda chama cha watumishi hao. Yafaa kutazama walilodai. Hawakutaka bakshishi iongezwe, bali walitaka mshahara utakaowatosha pasipo bakshishi. Kampuni iliwapinga kwa miaka kumi na miwili, hata tarehe 25 Agosti, 1937, ikatia sahihi mkataba. Mishahara ikapanda, na saa za kazi zikapungua kutoka karibu 400 hadi 240 kwa mwezi.

Kampuni ya Pullman iliacha kuendesha mabehewa hayo mwishoni mwa 1968, lakini bakshishi haikukoma. Hata leo abiria wa safari ndefu nchini humo huwapa wahudumu wa mabehewa ya kulala. Adabu yataka itolewe kwa heshima, na apewaye aitwe kwa jina lake. Hata hivyo, ukarimu wa abiria haulipi deni la tajiri.