Peugeot ya Korogwe (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Bangili za harusi zimeuzwa. Karani mstaafu wa shamba la mkonge amehesabu fedha zake, naye Salehe amekabidhiwa ufunguo wa Peugeot 404.

ENDELEA…

Mwaka ule wa 1986, ukisikia gari Lushoto ujue ni la serikali, la misheni au la tajiri wa mboga. Mwalimu na mkewe fundi cherehani kumiliki Peugeot lilikuwa jambo la kusimamisha watu njiani. Na Salehe hakutaka gari jingine. Tangu utotoni alisimulia jinsi Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alivyoshinda Safari Rally kwa 404 mwaka 1966, akarudia 1967. Alimsimulia kama mtu wa ukoo wao.

Asubuhi ile tulikuwa tunampeleka mama mkwe Mombo akapande basi la Tanga. Ni kama kilomita 33 tu, lakini barabara hushuka karibu mita 1,000, kona juu ya kona, mlima huku, korongo kule. Mimi nilikaa mbele na kapu la plamsi mapajani. Mama alikaa nyuma, akisoma dua kimoyomoyo.

Tulipoyapita maporomoko ya Soni, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua.

"Salehe, nini hicho?"

"Breki zimepata moto. Tutapumzika pale mbele."

Hatukufika pale mbele. Ukizikandamiza breki mteremko mzima, mafuta yake huchemka yakageuka mvuke, na mguu haukuti kitu. Niliiona pedeli ikizama hadi sakafuni. Akakanyaga tena. Ikazama.

Hakupiga kelele. Nilimpenda kwa hilo, na nampenda kwa hilo hadi leo. Alishika mkono wa gia pale kwenye usukani, akaishusha ya tatu hadi ya pili. Injini ikanguruma kama mnyama anayechinjwa. Kona ikaja. Nyuma ya kona, honi ya basi linalopanda.

"Jishikilieni!"

Akaligeuzia gari mlimani.

Nilipopata fahamu nilikuwa natema vumbi. Bampa limezama udongoni, kioo cha mbele hakipo. Salehe anavuja damu kwenye paji la uso.

"Mama! Mama, u mzima?"

"Mzima, mwanangu. Wasimamishe wale wa basi."

Akatoka mbio. Siti ya nyuma ilikuwa imeng'oka, mama kapiga magoti pembeni yake. Nikimwinua, nikaona karatasi iliyokuwa chini ya siti, imekunjwa mara nne. Risiti ya gereji, Korogwe. Matengenezo ya breki, Novemba 1983. Na jina la mteja: majina matatu kamili ya baba mkwe.

Baba mkwe ambaye picha yake ya kijeshi iko sebuleni kwetu. Aliyekwenda Uganda kwenye vita vya Amin, familia ikamsomea hitima mwaka 1979.

Nilimtazama mama, nikingoja apige yowe. Hakupiga. Alijifunga kanga vizuri, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo. Upesi, kabla mume wako hajarudi."

"Mama, ulikuwa unajua?"

Kokoto zikalia nyuma yangu.

"Anajua nini?" akauliza Salehe.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO