Madame Grès: Mchongaji wa Hariri

Wako mafundi wa nguo ambao kazi yao huanzia kwenye karatasi: huchora kwanza, wakapima, kisha wakakata. Germaine Krebs, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1903, hakuwa miongoni mwao. Ujanani alitamani kuwa mchongaji, lakini jamaa zake hawakuridhia. Patasi aliikosa, nia hakuiacha. Alichukua kitambaa, akasimama mbele ya sanamu ya kiwiliwili itumiwayo na washonaji, akawa analitafuta umbo kwa vidole.

Katika miaka ya 1930, alipojulikana mjini Paris kwa jina la Alix, alikuwa akiitandaza hariri laini yenye kuvutika juu ya sanamu hiyo, akiikunja na kuibana kwa pini, akiifumua na kuanza tena, mpaka kila mkunjo ukae mahali pake. Mkasi aliutumia kwa uchache. Marinda yake yalikuwa membamba mno hata kitambaa chenye upana wa sentimita 280 kikaweza kurudi kuwa sentimita 7 tu. Vazi moja liliweza kuchukua yapata saa 300 za kazi. Aliyelitazama kwa mbali aliona nguzo ya marumaru; aliyelisogelea aliona hariri ikipumua pamoja na mvaaji.

Mwaka 1942, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, alifungua nyumba mpya ya ushonaji, akaiita Grès. Jina hilo lilitokana na herufi za Serge, jina la mumewe, zilizopinduliwa. Na katika Kifaransa neno hilo lina maana ya jiwe la mchanga. Mwaka 1944 watawala hao waliifunga nyumba yake kwa muda, wakimtuhumu kuvuka kiasi cha kitambaa kilichoruhusiwa. Katika zama za uhaba, hata rinda lilihesabiwa kuwa ni ukaidi.

Wahenga wamenena, chanda chema huvikwa pete. Chanda cha Grès kilivikwa subana: mwaka 1976 alikuwa wa kwanza kutunukiwa Subana ya Dhahabu, tuzo ya ushonaji wa hali ya juu. Lakini tuzo haikuilinda nyumba. Aliiuza mwaka 1984, na mwaka 1987 ikaondolewa katika jengo lake la Rue de la Paix. Alifariki Novemba 1993, na bintiye akaificha habari hiyo. Ulimwengu haukujua hadi Desemba 1994.

Mwaka 2011 mavazi yake yapatayo 80 yalionyeshwa Paris katika Makumbusho ya Bourdelle, palipokuwa karakana ya mchongaji Antoine Bourdelle. Yalisimama baina ya sanamu za shaba na plasta, wala hayakuonekana mageni. Msichana aliyenyimwa patasi alikuwa amechonga umri wake wote. Ila jiwe lake lilikunjika, na sanamu zake zilitembea.