Ushirika Uliobeba Imani Nyeri

Kwa nini Mkristo ashike ibada na ushirika kila juma, ilhali Mungu husikia hata maombi ya chumbani? Historia ya Nyeri inajibu. Mwaka 1929 misheni ya Kiskoti, iliyokuwa Tumutumu karibu na Karatina tangu 1908, iliwataka waumini waikane tohara ya wasichana, na wengi wakaondoka. Hata hivyo, hawakwenda kusali kila mtu kwake. Katika nchi ya Wakikuyu, walioasi walijenga shule na makanisa yao, na viongozi wao wakamwalika Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Afrika Kusini, aliyefika 1935 kuwafundisha na kuwabariki wahudumu. Waliikataa amri ya misheni, si kukusanyika.

Jaribu kali zaidi lilikuja Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulikuwa umeingia Kenya tangu 1937, na ndugu wa uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, waliopigana na serikali ya kikoloni. Wengi wao wakakataa pia bunduki ya serikali. Pande zote mbili ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa. Ujasiri huo ulilelewa katika vikao vyao vya kawaida. Humo mtu alisimama, akataja kosa lake waziwazi, akamwomba radhi aliyemkosea, kisha wote wakaimba. Aliyezoea kusema kweli mbele ya wenzake huwa ameanza kujifunza kuisema mbele ya mwenye panga. Kanisa kuu la ukumbusho lililojengwa Murang'a linawaenzi waliokufa, na humo Elimo Njau alichora maisha ya Yesu katika mandhari ya Ukikuyu.

Wapo watakaosema kwamba vikao hivyo vilizaa majivuno, waliookoka wakawadharau washirika wengine. Ni kweli, na ugomvi huo uliyatikisa makanisa. Lakini majivuno hayaponi kwa kujitenga, kwa kuwa anayesali peke yake hana wa kumkosoa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao, katika miaka ya 1970, waliweka jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa kazi yao, ili majirani wasome Neno pamoja na kujuana kwa shida zao. Sala ya faragha ni ya lazima, ila asiyeonekana ibadani hata akiugua huenda asijulikane. Jumapili basi ni siku ya kuwajibika kwa Mungu na kwa jirani pia, na anayeiacha hupoteza uwajibikaji huo kwa pande zote mbili.